Dawa kwenye kopo la Blue Band

Nilikuwa natafuta sindano na uzi mweusi, kifungo cha shati kilikuwa kimetoka na nishachelewa kazini. Mama huweka vitu vyake vya kushona kwa kopo la zamani la Blue Band, lile kubwa, juu ya kabati ya jikoni. Nikafungua. Chini ya nyuzi kulikuwa na kapsuli kumi na nane, ziko bado kwa ile karatasi yake ya fedha, zimefungwa vizuri na raba ya nywele.

Ni zile za miguu.

Mama ana ugonjwa wa sukari, stori yake ni ndefu, sirudii hapa. Ila hii mambo ya miguu ilianza kama miezi minane iliyopita, usiku inawaka, anasema ni kama amekanyaga makaa, shuka likimgusa tu vidole anaruka. Daktari akamwandikia pregabalini, tukanunua, na si bei ya kuchekea, na mimi kila jioni nauliza "Mama, umemeza dawa?" na yeye ananiambia nimemeza.

Hakukana. Alienda chumbani akarudi na ile karatasi nyembamba inayokuja ndani ya boksi, akaikunjua mezani, akaweka kidole pale wameandika dawa hii inatibu nini. Kidole kikasimama kwa mstari wa kifafa.

"Mwanangu, mimi sina kifafa," akasema. "Na sitaki mtu aokote hii karatasi hapa plotini aanze kusema ninacho."

Nikakosa jibu.

Swali lenyewe

Kama mtu mmoja pale kliniki angetoa dakika mbili amweleze mbona dawa ya kifafa inaandikiwa miguu, hizi kapsuli hazingelala kwa kopo. Hiyo iliniuma na bado inaniuma. Mama ana miaka sitini na sita, amekulia Voi, na jirani yao wa utotoni alikuwa msichana mwenye kifafa aliyetengewa sahani yake na kikombe chake, akianguka watu wanakimbia badala ya kumshika kwa sababu waliamini lile povu linaambukiza. Mama anamkumbuka kwa jina mpaka leo. Sasa we niambie ataonaje hilo neno kwa boksi lenye jina lake.

Lakini ukweli ni kwamba hata mimi singeweza kumweleza. Nilisoma kemia Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zamani kidogo, na nilikuwa najua tu kwamba "ni dawa ya neva". Hiyo si maelezo. Na karatasi yenyewe ilikuwa na kitu kingine kilichonisumbua zaidi, mstari wa tatu, kwamba dawa hiyo hiyo inapewa watu wenye wasiwasi uliopita kiasi. Kifafa, moto wa miguu, na wasiwasi. Hivi vitu vitatu vinakutania wapi?

Nikabeba hilo swali wiki tano hivi, nasoma kwa simu ndani ya jam ya Jogoo Road, nashuka stage bado nasoma.

Umeme haufiki mwisho

Nilikuwa nafikiri neva ni waya, umeme unaingia huku unatokea kule, basi. Kumbe umeme ukifika mwisho wa seli unakwama. Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya, na ujumbe unavuka kwa kemikali, zile seli huwa zinaziweka kwa vifuko vidogo. Na kinachoambia vifuko vipasuke ni kalsiamu.

Kalsiamu, ile ile ya mifupa na maziwa.

Ndani ya seli ya ubongo iliyotulia, kalsiamu iliyo huru ni kidogo sana, nje yake iko nyingi karibu mara 10,000. Seli inatumia nguvu saa zote kuisukuma nje. Ukutani kuna milango, chaneli za kalsiamu, imefungwa, na umeme ukifika inafunguka, na chaneli moja ikiwa wazi inaweza kupitisha ioni, yaani chembe moja moja za kalsiamu, kama milioni moja kwa sekunde. Haikai wazi sekunde nzima lakini, inafunguka kidogo tu inafunga, na kabla ya milisekunde moja kuisha vile vifuko vishaanza kumwaga.

Halafu nikakutana na kipimo kimoja cha mwaka 1967, kilifanywa pale neva inapokutana na misuli ya chura, na hicho ndicho kilinifanya nishushe simu niangalie nje ya dirisha. Ukipunguza kalsiamu iwe nusu, ujumbe unaovuka haupungui kuwa nusu. Unaanguka mpaka karibu sehemu moja ya kumi na sita, kwa sababu inatakiwa kalsiamu kadhaa zishirikiane kwa wakati mmoja ndio kifuko kimwage. Manake ukigusa huu mlango kidogo tu, huko mbele mambo yanabadilika sana. Ukiufungua zaidi kidogo, makelele. Ukiubana kidogo, kimya.

Kifafa ni seli za ubongo zinazopigana makelele pamoja. Moto wa miguu ni neva zilizoumia zinazopeleka makelele kwa uti wa mgongo hata kama hakuna kinachounguza. Wasiwasi nao una makelele yake. Nikaanza kuona mlango ambao hawa watatu wanapitia.

Dawa iliyoenda kwingine

Dada mkubwa wa pregabalini ni gabapentini, na hiyo ilitengenezwa ifanane na GABA, kemikali ambayo ubongo hutumia kunyamazisha seli. Wazo lilikuwa hilo, tuige kitulizaji cha mwili. Ikaruhusiwa Marekani mwaka 1993 kwa watu wa kifafa, na ilikuwa inasaidia kweli. Shida ni kwamba walipoangalia vizuri haikuwa inagusa vipokezi vya GABA, zile sehemu za seli ambapo GABA hushika, kabisa. Mwaka 1996 ndio ikaonekana inashika wapi: kipande cha chaneli ya kalsiamu kinachoitwa alfa-2-delta.

Hii alfa-2-delta si mlango wenyewe. Iko kama fundi wa kubeba milango, inasaidia chaneli kutoka ndani ya seli zinakoundwa mpaka kule mwisho wa neva zinakohitajika. Na hapa ndipo kemia yangu ya Chiromo ilianza kuamka, kwa sababu hii protini haifanyi kazi venye imetoka kiwandani. Inaundwa ikiwa kipande kimoja, inakatwa viwili, vile vipande vinashikanishwa na viungo vya salfa, inavishwa minyororo ya sukari mwili mzima, na mwisho inapewa mkia wa mafuta wa kuishikilia ukutani. Usipoikata vizuri, au ukiinyima sukari zake, mlango unadhoofika.

Neva ikiumia, seli inatengeneza alfa-2-delta nyingi zaidi, kwa hivyo milango mingi inapelekwa mwisho wa neva. Pregabalini inaikamata, inapunguza huo ubebaji. Haizibi mlango. Ndio maana haifanani na dawa ya kichwa ambayo unameza na nusu saa baadaye umepona, na tena haikatwi ghafla, inapunguzwa polepole. Hiyo ya kutokata ghafla nilimwambia Mama usiku ule ule wa kopo, na tukampigia daktari, akamrudisha kwa dozi ya chini kwanza.

Lakini mimi nilikuwa nishanaswa na kitu kingine.

Muhuri

Nilikuwa najua protini zinabadilishwa baada ya kuundwa, tulifanya hiyo topiki, tukaandika mtihani, tukasahau. Sikuwahi kufikiria kwamba mlango huo huo mmoja ndani ya ubongo, bila jeni kubadilika, bila kuundwa mpya, unaweza kufanywa mkali au mpole kwa kugongwa muhuri tu.

Muhuri unaotumika sana ni fosfeti. Ni kitu kidogo, fosforasi moja na oksijeni kadhaa zilizobeba chaji hasi, lakini ukikibandika mahali panapofaa kwa protini kubwa, ile protini inajikunja vingine. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliona huu mchezo miaka ya 1950 kwa kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemia mwilini) cha misuli na wakapata Nobel mwaka 1992. Kuna vimeng'enya vya kubandika, maarufu kwa hii stori ni PKA, na kuna vya kubandua, mmoja wao kalsinurini.

Kilichonishangaza ni kwamba kwa seli za ubongo kuna protini moja kazi yake ni kushikilia PKA na kalsinurini pamoja, zote mbili, kando ya chaneli. Anayebandika na anayebandua wamekalia benchi moja. Na kalsinurini inaamshwa na nini? Na kalsiamu. Kalsiamu iliyopitia kwa huo mlango inaamsha mtu wa kuja kuufuta muhuri wa huo mlango.

Hiyo sentensi niliisoma mara nne nikiwa nimesimama kwa foleni ya benki.

Soja wa geti

Sasa hii sehemu ndio ilichelewesha hii makala, kwa sababu niliandika nikafuta.

Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba adrenalini inaongeza kalsiamu inayoingia kwa seli za moyo, ndio moyo unapiga kwa nguvu ukiogopa. Baadaye ikajulikana PKA iko katikati. Kwa hivyo swali likawa rahisi kusema na gumu kujibu: PKA inagonga muhuri wapi kwa chaneli? Watafiti wakapekua mlango, wakapata sehemu inayogongwa vizuri sana, serini namba 1928 (serini ni moja ya asidi amino, zile shanga zinazounda protini, na 1928 si mwaka, ni nafasi yake kwa mnyororo). Kila mtu akaiangalia hiyo. Halafu mwaka 2008 wakatengeneza panya ambao hiyo serini imetolewa, wakawapa dawa ya kufanana na adrenalini, na moyo ukaitikia kama kawaida. Kana kwamba hakuna kilichoguswa. Sehemu zingine nazo zikajaribiwa, na moyo ukaendelea kuitikia.

Fikiria umetumia nusu ya maisha yako ya kazi kwa hiyo kufuli.

Jibu likaja 2020 kutoka kwa timu ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Badala ya kuendelea kukagua mlango, walibandika kwa chaneli kimeng'enya ambacho kinapaka alama kila jirani aliye karibu, halafu wakaangalia adrenalini ikija ni jirani gani anaondoka. Aliyeondoka ni protini ndogo inaitwa Rad. Rad huwa inakaa na chaneli kuibana. PKA inaigonga Rad muhuri, Rad inaachilia, mlango unafunguka kirahisi.

Nilicheka peke yangu, nilifurahi sana, kwa sababu plot yetu hapa Umoja iko hivyo. Geti linafungwa saa tano usiku, na mtu mgeni akija atahangaika na kufuli, atatikisa bawaba, atasema hili geti ni gumu. Geti halina shida. Ni soja amekalia kiti nyuma yake. Ongea na soja.

Nikaandika hiyo, nikaona nimemaliza, makala iko tayari.

Kisha nikakumbuka mada yangu mwenyewe ya makala ilikuwa ubongo, na hiyo yote ni moyo.

Nikarudi kusoma. Na kwa ubongo mambo yalikuwa kinyume. Panya wale wale, wasio na serini 1928, mwaka 2017 wakapimwa seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu, na huko kule kuongezeka kwa kalsiamu kukapotea. Yaani chaneli ile ile, kimeng'enya kile kile, lakini moyoni muhuri unagongwa kwa soja, na kwa ubongo unagongwa kwa geti lenyewe. Mfano wangu mzuri ukabaki nusu. Nilikasirika siku mbili, nikajaribu kutafuta njia ya kuuokoa, haikuwepo, na sasa naona afadhali ulivunjika maana ningewaambia uongo wenye ladha nzuri.

Siku ambayo haimtoki

Serini 1928 ilinipeleka mahali sikutarajia. Ubongo ukishtuka unamwaga noradrenalini, binamu wa adrenalini, na noradrenalini ndiyo inayoamsha PKA igonge ule muhuri. Kwa panya, hicho kinasaidia miunganiko ya hipokampasi kuimarika hata kwa ujumbe ambao kwa kawaida ungepita tu. Ni moja kati ya njia nyingi, si yote, lakini iko.

Mama anaweza kukuambia siku aliyoambiwa ana sukari kuanzia alichovaa. Leso ya zambarau. Nesi alikuwa na kalamu nyekundu. Redio ya jirani ilikuwa inacheza tarabu ilhali nje kunanyesha. Ni miaka kumi na moja sasa. Ukimuuliza jana alikula nini mchana anafikiria kwanza.

Na hapo nikaogopa kidogo, kwa sababu kuna utafiti wa mwaka 2003 kwa panya wakubwa unaoonyesha wakizeeka, ile serini 1928 kwa hipokampasi inapatikana imegongwa muhuri zaidi kuliko kwa vijana. Kalsiamu nyingi kupita kiasi kwa seli zilizozeeka ni kitu watafiti wamekiangalia miaka mingi. Muhuri ule ule. Ukiwekwa na kufutwa kwa wakati wake unakusaidia kushika siku ya leso ya zambarau, na ukizidi kubaki hapo sijui tuuite nini. Sijamwambia Mama hii sehemu. Nimefikiria kumwambia mara mbili, nikaona ni panya, na ni yeye, na jana alifurahi.

Sukari juu ya mlango

Hii aliniuliza mwenyewe. Tulikuwa tunachambua sukuma, akasema, "Hiyo sukari yangu, inaingiaje mpaka kwa neva?"

Sukari nyingi kwa damu inaumiza neva kwa njia kadhaa, inaharibu hata mishipa midogo inayozilisha. Lakini kuna moja inayoingia moja kwa moja kwa hii stori. Neva zinazobeba maumivu zina chaneli ya kalsiamu ya aina nyingine, CaV3.2, inafunguka kwa umeme mdogo sana, ni nyepesi. Hiyo chaneli nayo inavishwa minyororo ya sukari sehemu ya nje, na hizo sukari zinaongeza idadi ya milango inayofika ukutani na kalsiamu inayopita. Mwaka 2013 kikundi kimoja kilichukua panya wenye kisukari, ambao nyayo zao zilikuwa zinauma kwa kuguswa kidogo tu, wakawadunga kwa unyayo kimeng'enya kinachokata ncha za hiyo minyororo, asidi ya sialiki. Maumivu yakashuka. Hawakuziba mlango, hawakuua neva. Walinyoa sukari juu ya mlango.

Kuna muhuri mwingine kwa hiyo hiyo CaV3.2, unaitwa yubikwitini, huo ni kama alama ya "hiki kitupwe". Neva ikiumia kunakuwa na kimeng'enya, USP5, kinachofuta hiyo alama, basi milango iliyofaa kutupwa inabaki ukutani inapiga kelele.

Nilimweleza Mama ile ya kunyoa. Nikamwambia ni panya, hakuna dawa ya hivyo kwa duka la dawa, asije akamwuliza daktari. Akaendelea kukata majani. Baada ya muda akasema, "Kwa hivyo imebandikwa."

Nikasema ndio.

"Haijaota. Imebandikwa."

Ndio, Mama. Sikutaka kumpa tumaini la bure, nikaongeza kwamba kuna neva zake zingine huenda zishakufa zile nyuzi ndogo za vidoleni, na hizo hakuna cha kubandua, na pregabalini yenyewe haisaidii kila mtu. Alinisikia. Lakini aliendelea kulirudia lile neno polepole kama mtu anayejaribu kiatu, imebandikwa, imebandikwa, na mimi nikaona nimetumia wiki tano kulitafuta na yeye amelipata kwa fungu moja la sukuma.

Simu ya Voi

Dada yake alipiga Jumapili. Shangazi naye ana sukari, naye miguu, na kumbe naye alipewa zile zile akaziweka pembeni kwa sababu ile ile. Mimi nilikuwa nafua nje, dirisha liko wazi.

"Dada, sikiza," Mama anasema. "Si ya kifafa. Yaani ni ya kifafa lakini si ya kifafa. Kuna geti. Kwa neva kuna geti la chumvi ya mifupa, na kuna mtu wa kubeba mageti, hii dawa inamshika mkono. Basi. Na usiache ghafla mimi niliacha ghafla nikaona cha moto. Ngoja nikuambie kuhusu soja."

Soja hakuwa wa neva, soja alikuwa wa moyo, na geti si la chumvi, na nilikuwa na maji ya sabuni mpaka kwa viwiko. Nikaacha aendelee.